Chai ya Saa Nne

Waliniita niwapikie watu arobaini:
maandazi mia na ishirini, sambusa, chai ya maziwa,
ukumbi wa Raskazone wenye feni tano, moja haizunguki.
Wataalamu wa fedha wanatoka Dar, alisema Bwana Sekiteke,
waje watwambie, kati ya Mhandisi na Hakimu,
nani akishinda uchumi utanyanyuka.
Nikasema, haya. Na hela?
Akasema hela ipo kwenye mchakato.

Unga nilikopa kwa Mbaraka, barabara ya kumi na nne.
Mafuta nilikopa kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu,
na Bi Mwanamkasi, mwenye ufunguo wa tatu,
aliniuliza mara mbili: utarudisha lini?
Swali hilo, niseme mapema,
siku ile ukumbini halikuulizwa na mtu.

Nilisimama ukutani na birika langu.
Dakta Shemzigwa, miwani juu ya paji,
alionyesha mstari mwekundu unaopanda kama njia ya Lushoto:
akishinda Mhandisi, bandari itapumua,
mkonge utarudi kuwa dhahabu.
Akaja Bi Namkunda, sauti ya taratibu,
tarakimu zile zile, mstari wa bluu:
akishinda Hakimu, mikataba itaheshimika, mitaji itakuja;
akishinda Mhandisi, tujiandae na mfumuko.

Mfumuko. Mimi najua mshono ndio hufumuka.
Nikajitazama kwapani, kimya kimya.

Wa tatu, kijana wa benki, tai imemkaba,
akasema hakuna haja ya kubishana, soko lishajua.
Soko lipi? La Mgandini asubuhi ile
lilijua nyanya tu: sado elfu tano,
juzi ilikuwa elfu tatu na nusu.

Wakataja ukwasi, nikadhani ni utajiri,
kumbe ni hela ya kushika leo, mkononi.
Lo, miaka yote hii naugua
na ugonjwa una jina zuri hivyo!
Wakasema deni letu ni himilivu.
Langu mimi linavaa kanzu,
linaegesha baiskeli mlangoni kabla jua halijachomoza,
na kengele yake watoto wanaijua.
Wakaligawa pato la nchi nzima kwa vichwa,
kila kichwa kikapata mamilioni.
Nilitaka kunyoosha kidole, niulize
ya kwangu alikabidhiwa nani.

"Mama, nawe unaonaje?" Dakta akanigeukia,
nusu ya andazi ikiwa shavuni.
Nikasema naona birika la pili sukari haikukolea.
Wakacheka. Mmoja akaandika.

Lakini nina langu la kuona.
Wagombea wote wawili walipita kwenye meza yangu.
Mmoja alinunua andazi, akatoa elfu tano,
akasema baki nayo, mama, wapambe wakapiga makofi.
Mwingine alisimama juani akisubiri chenji,
akaihesabu, akakuta nimemzidishia mia mbili,
akanirudishia.
Sisemi yupi ni yupi.
Usiku najiuliza yupi kati yao ananifaa,
na sina mstari wa kuchora.

Wenyewe tunasema, Tanga waja leo, waondoka leo.
Saa tisa magari meupe yalikwisha kuipita Pongwe.
Sekiteke akasema malipo ni baada ya siku thelathini,
na nilete risiti ya mashine.
Mashine! Mimi, na mwiko wangu.

Karatasi zao walizisahau juu ya viti.
Nzuri, nzito, nikazikusanya zote,
na kesho yake nikafungia maandazi.
Mafuta yakapenya, karatasi ikawa kama kioo:
mstari mwekundu upande huu, wa bluu upande ule,
vyote viwili vikaonekana pamoja,
kimoja kinapanda, kingine kinapanda,
vimekatana pale kidole changu kiliposhika.

"Andazi bei gani leo?" aliuliza mwanafunzi wa Usagara.
Bei ile ile, mwanangu.
Nimepunguza duara tu.